Sembe ya Mgeni, Pumba za Nguruwe

Hapa Songea mgeni akibisha hodi, dona hufichwa na sembe hupikwa. Tunadhani weupe wa ugali ndio heshima. Lakini mashine inapokoboa mahindi huondoa ganda pamoja na kiini, na humo ndimo yalimo mafuta, madini ya chuma na sehemu kubwa ya vitamini B. Pumba hizo tunampelekea nguruwe, naye ananenepa kweli! Mtoto tunamwachia wanga.

Mkoa wetu wa Ruvuma hulisha mikoa mingine kwa mahindi. Hata hivyo kliniki tunapokea watoto waliodumaa, wanaotoka katika nyumba zenye maghala yaliyojaa.

Wako akina mama wanaosema sembe ni salama zaidi. Hawakukosea kabisa. Sumu kuvu hukaa zaidi kwenye ganda na kiini, na kukoboa huipunguza. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu huko Dodoma na Manyara, na kuipika hakuimalizi. Lakini kinga ya kwanza ni kukausha mahindi juu ya turubai, siyo juu ya udongo, na kuchambua punje zenye ukungu au zilizooza kabla ya kwenda mashineni. Punje hizo asipewe hata kuku, wala zisipikiwe pombe.

Mtoto aliyetimiza miezi 6 apikiwe uji wa dona iliyochekechwa, tukiongeza usipa wa Ziwa Nyasa waliosagwa, au karanga. Karanga nazo zichambuliwe vivyo hivyo.