Mke wa Mwanajeshi Hana Njia ya Mkato

Jumamosi iliyopita, katika sherehe ya kumuaga bibi harusi mjini Nakuru, mchungaji alishika maikrofoni akatangaza kwamba binti yule hana tena haja ya kuhangaikia viza. "Ameolewa na jeshi la Marekani," akasema, "serikali yenyewe itambeba." Vigelegele vikapigwa. Mama mzazi akalia kwa furaha. Mimi chakula kilinishinda, na hasira ile ninayo mpaka leo.

Maneno hayo nimeyasikia mara nyingi mno: chamani, matangani, saluni, kwenye makundi ya WhatsApp ya Wakenya walioko Texas na Minnesota. Kwamba ukiolewa na mwanajeshi wa Marekani, makaratasi yamekwisha. Ni uongo, na uongo huu umewatesa wanawake wengi. Mke wa mwanajeshi hupanga foleni ileile ya mke wa dereva wa lori, tofauti ni kwamba yeye huipanga peke yake. Sheria ya uhamiaji inamtaka mume awepo. Kazi ya mume huyu ni kutokuwepo.

Anayedhani natia chumvi na autazame utaratibu wenyewe. Ombi la kumleta mke, fomu I-130, hutiwa sahihi na mume. Hati ya uwakilishi anayoandaliwa askari na wanasheria wa kambini kabla ya safari humwezesha mkewe kuuza gari au kukodi nyumba, lakini haimwezeshi kutia sahihi ombi hilo kwa niaba yake. Aliyeingia kwa viza ya uchumba ana siku 90 za kufunga ndoa, na siku hizo haziachi kuhesabika eti kwa kuwa kikosi cha bwana harusi kimeamriwa kuondoka. Aliyepata kadi ya ukaazi kabla ndoa haijatimiza miaka miwili hupewa kadi yenye masharti, ya miaka miwili tu, na katika siku 90 za mwisho mume na mke wanatakiwa kutuma ombi kwa pamoja ili masharti yaondolewe. Kwa pamoja! Mmoja yuko Texas ananyonyesha, mwenzake yuko Kuwait kwa zamu ya miezi tisa. Nafuu za kuombwa zipo, lakini ni za anayejua kwamba zipo, na binti aliyeambiwa kanisani kuwa serikali itambeba atajuaje kwamba kuna kitu cha kuomba?

Binti wa kaka yangu alipoitwa kwenye mahojiano ya viza alitakiwa athibitishe kwamba ndoa yake ni ya kweli. Wanataka mkataba wa nyumba wenye majina mawili, akaunti ya benki ya pamoja, picha za maisha ya pamoja. Nyumba ipi? Mume alikuwa analala kwenye bweni la kambi, na likizo yake yote ilikwisha kwenye harusi na kuwasalimu wazee. Basi tukaenda saiba kuchapa mazungumzo yao ya WhatsApp. Kijana wa pale akawa anayasoma yanavyotoka kwenye printa: mume anauliza kama mtoto amepona kikohozi, mke anauliza kama mwenzake amekula. Yalikuwamo pia ya usiku, ya mtu na mkewe. "Shangazi, na hii nayo nichape?" akaniuliza, ameifunika simu kwa kiganja. Nikamwambia achape. Kule dirishani ubalozini ofisa akamuuliza binti wamekaa pamoja nyumba moja kwa muda gani. Akasema ukweli: wiki tatu. Akakabidhiwa karatasi ya kumtaka alete ushahidi zaidi. Wiki zile zilikuwa tatu kwa sababu mumewe alikuwa kazini kwa serikali hiyohiyo iliyokuwa ikimuuliza.

Ndugu mmoja alinijibu kwamba jeshi ni la serikali na uhamiaji ni wa serikali, kwa hiyo wataelewana. Hiyo ni hoja ya mtu ambaye hajawahi kufuatilia faili lake hata kwenye ofisi ya chifu. Jeshi la Marekani liko chini ya Wizara ya Ulinzi. USCIS, idara inayopokea maombi ya familia, iko chini ya Wizara ya Usalama wa Ndani tangu mwaka 2003. Viza hutolewa na balozi, ambazo ziko chini ya Wizara ya Mambo ya Nje. Askari akihamishwa kambi, hakuna anayepiga simu kuibadilisha anwani ya mkewe. Asiyetoa taarifa mwenyewe, barua ya mahojiano itakwenda kwenye nyumba waliyoihama.

Imani hii ina chanzo chake. Askari mwenyewe ndiye mwenye njia ya haraka. Kwa amri ya Rais Bush ya Julai 2002, anayetumikia jeshi wakati huu anaweza kuomba uraia bila kungoja miaka mitano kama wahamiaji wengine. Mwaka 2009 jeshi lilipoanzisha mpango wa MAVNI wa kuandikisha wageni wenye lugha adimu, Kiswahili kilikuwa kwenye orodha, na vijana wetu wakaufurahia mpaka uliposimamishwa mwaka 2016. Tukawaona wamevaa sare, wameshika bendera ndogo, wanakula kiapo cha uraia. Tukadhani kiapo kile kimewaapisha na wake zao walioko Kisii na Kiambu. Haraka ile ilikuwa ya askari peke yake. Na askari asiye raia, mwenye kadi ya ukaazi tu, mkewe huingia foleni ya F2A yenye idadi maalumu ya viza kila mwaka, foleni inayoweza kukwama kwa miaka. Afueni niliyoona ikimfikia mke moja kwa moja ni ya kipato: mdhamini wa kawaida lazima afikishe asilimia 125 ya kiwango cha umaskini, mwanajeshi anayemdhamini mkewe anatakiwa asilimia 100. Vigelegele vya Nakuru vilikuwa vya hiyo?

Wamarekani wenyewe wanajua. Mei 2007 askari wao mmoja alitekwa kusini mwa Baghdad. Wenzake walipokuwa wakimsaka, mkewe, mzaliwa wa Jamhuri ya Dominika aliyeingia Marekani bila viza, alikuwa na kesi ya kufukuzwa nchini. Ilibidi Seneta John Kerry amwandikie Waziri wa Usalama wa Ndani, Michael Chertoff, ndipo njia ikafunguka. Mwili wa mume ulipatikana mwaka uliofuata. Mpaka mume atekwe na seneta aingilie kati! Waraka wa kuwapa afueni jamaa za wanajeshi walioingia nchini bila kukaguliwa mpakani haukutoka hadi Novemba 2013, na ruhusa yenyewe hutolewa mwaka mmoja mmoja, kwa hiari ya ofisa. Waraka si sheria. Agosti 2018 mke wa askari wa zamani wa Marine alifukuzwa kutoka Florida kwenda Mexico huku familia yake ikitazama. Na mwaka 2025 mwongozo uliotaka utumishi jeshini wa mtu wa familia uhesabiwe kuwa sababu nzito ya kumhurumia mhamiaji ulifutwa.

Wanaokimbilia kunitajia Uingereza, ambako wamo Wakenya waliojiunga na jeshi kwa mlango wa Jumuiya ya Madola, hawana nafuu ya kunionyesha. Kuanzia Aprili 2022 askari wa aina hiyo aliyetumikia miaka sita haombwi tena ada ya ukaazi wa kudumu, ada iliyokuwa imefika pauni 2,389. Mkewe na watoto wake hawakuingizwa kwenye msamaha huo. Waliachwa walipe, kila mtu na ada yake.

Na wachungaji wetu, tangu lini wamekuwa maofisa wa viza? Jumapili pasipoti zinainuliwa juu ziombewe, Jumatatu dalali anauza fomu ambazo zinapatikana bure kwenye intaneti, na kati ya wawili hao binti hapati hata mtu mmoja wa kumuuliza kama ndoa yake ya kimila imesajiliwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inataka isajiliwe. Ruracio, sherehe ya mahari ya mbuzi na ngoma, bila cheti halitamsaidia dirishani. Wakwe wamuulize kijana kabla ya kupokea mahari: wewe ni raia, au una kadi tu? Ombi umeshalitia sahihi? Unaondoka lini? Fedha za hema na keki zingetosha kumlipa wakili wa uhamiaji kwa saa kadhaa, na hakuna kamati ya harusi niliyowahi kuisikia ikilitia hilo kwenye bajeti.

Kinachonikera kuliko yote ni kwamba Marekani inajua namna ya kumwondolea mke mzigo huu. Sheria waliyopitisha Novemba 2003 inamruhusu mjane wa askari aliyekuwa raia wa Marekani, aliyekufa kutokana na utumishi wake vitani, kujiombea kadi mwenyewe, ndani ya miaka miwili, bila sahihi ya mume, bila mume kukaa naye mbele ya ofisa. Waliona kwamba mume hawezi kuwepo, wakaandika sheria inayolingana na ukweli huo. Mume aliyeko Kuwait kwa amri yao naye hawezi kuwepo. Mkewe anastahili aruhusiwe kujiombea sasa, mume akiwa hai, na wanaopaswa kudai hivyo kwa sauti ni hawa hawa wanajeshi wetu na makanisa yao huko Texas na Minnesota, kwa sababu wao wanapiga kura.