Trekta la mtumba lisipelekwe shambani siku ya kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji ili niwatahadharishe wakulima wenzangu juu ya matrekta madogo yaliyokwisha kutumika, hasa yale yatokayo Japani, ambayo vikundi hununua kwa kuwa bei yake ni nafuu kuliko ya trekta jipya.

Nakuandikia nikiwa hapa Mirongo, mjini Mwanza, nilikotumwa kutafuta gasketi ya silinda hedi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kijijini na ni katibu wa kikundi chetu. Trekta letu tulilinunua kwa fedha za mauzo ya mpunga. Lilifika jioni, likapokewa kwa vigelegele, na alfajiri yake likaingia shambani. Hakuna aliyefungua hata kifuniko cha rejeta. Siku ya tisa injini ilichemka ikazimika. Fundi alikuta rejeta imezibwa na manyasi na vumbi, na oili imekuwa nyeupe kama maziwa, dalili kwamba maji yameingia ndani yake. Mvua ikatupita, tukarudia jembe la mkono. Muuzaji hakutueleza kitu, lakini na sisi hatukuuliza. Mimi katibu sikuuliza.

Kosa hili si geni katika nchi hii. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilipoanzisha mpango wa karanga kule Kongwa, ilikusanya matrekta chakavu yaliyobaki baada ya vita, mengine kutoka Ufilipino. Kabla mwaka huo haujakwisha, theluthi mbili hivi yalikuwa yameharibika. Madereva hawakuwa wamefundishwa vya kutosha, na karakana na vipuri havikutosheleza. Mpango ulivunjwa mwaka 1951 baada ya kupoteza pauni milioni 36 hivi. Ni kweli kwamba ukame na ugumu wa ardhi vilichangia, lakini funzo la matrekta linabaki pale pale.

Kwa hiyo nashauri kwamba trekta la namna hii likifika, lisimame kwanza lifanyiwe kazi. Oili ya injini na chujio lake vibadilishwe hata kama muuzaji anaapa kwamba ni vipya. Oili ya gia boksi ikaguliwe pia, maana katika matrekta mengi madogo oili hiyo hiyo ndiyo inayonyanyua jembe. Kama magurudumu ya mbele nayo yanavuta, ekseli ya mbele ina oili yake, na sili zake zitazamwe, kwani mengi ya matrekta hayo yalifanya kazi katika matope ya majaruba ya mpunga. Rejeta ioshwe na mipira yake ibonyezwe ili kuona kama imepasuka. Chujio la hewa lisafishwe, na maji yaliyotuama chini ya chujio la dizeli yamwagwe. Nati za magurudumu zikazwe, breki za pande mbili zishike sawasawa, na shafti ya nyuma iwe na kinga yake, kwani shafti hiyo ikinasa nguo humvuta mtu mzima.

Baada ya hapo, kila asubuhi kabla ya kuwasha, dereva apime oili na maji, atie grisi panapohusika, na apangushe manyasi kwenye rejeta. Kazi hiyo haizidi robo saa. Lazima pia kuwe na daftari la saa ambazo trekta limefanya kazi na siku oili ilipobadilishwa. Maandishi ya Kijapani yaliyobandikwa kwenye trekta yasibanduliwe. Namba ya trekta nayo iandikwe daftarini, kwa sababu bila namba hiyo utazunguka madukani, kama nizungukavyo mimi sasa, ukionyeshwa vipuri visivyolingana.

Wako watakaosema kwamba mvua haimsubiri mtu. Ni kweli, na ndiyo sababu trekta linunuliwe kiangazi, si mawingu yakishatanda. Tena fedha zote zisiishie kwenye bei. Sehemu iwekwe kwa ajili ya oili na vipuri, na katika kila ekari inayolimwa kitu kidogo kitengwe. Vikundi vimpeleke kijana mmoja chuo cha ufundi stadi badala ya kumkabidhi usukani yeyote anayejua kuendesha pikipiki.

Wahenga walisema rahisi ni ghali. Rahisi si mbaya ikiwa mnunuzi ameitazama vizuri. Fedha zetu zilikuwa jasho la kaya nyingi, na nitakaporudi kijijini na gasketi hii nitakwenda pia na daftari jipya.

Mwalimu wa Kijijini,
Mirongo, Mwanza.