Mionekano mitatu haitoshi, jamani

Najua UE ziko mlangoni na kila mtu yuko bize, ila hili nisipolitoa sitasoma.

Likizo nilikuwa nyumbani Bukima, nikajitia mjuzi wa kuchora kwa kompyuta. Nikachora kishikio cha taa ya sola ya mtumbwi wa dagaa: bamba la chuma lililoinuka nyuzi 60, lenye matundu mawili, moja juu na moja chini, yaliyoachana milimita 100. Nikatoa mionekano mitatu ya kawaida, yaani mbele, juu na pembeni, nikaweka vipimo kwenye ule wa juu. Programu ikaandika 50, nami nikaprinti bila kuangalia. Fundi akatoboa kwa 50, taa ikagoma kukaa. Nilipoanza kulalamika akanijibu kwa upole tu, "Mwalimu, mimi nimefuata ulichoandika." Niliishiwa maneno. Bamba nikalilipa mimi.

Kosa ni langu, si la fundi wala la kompyuta. Ukitazama kutoka juu bamba lililoinuka nyuzi 60, urefu wa mteremko wake unaonekana nusu, na tundu la duara linaonekana kama yai. Programu ilipima kilichoonekana. Dawa yake ni kutengeneza mwonekano wako mwenyewe, unaolitazama bamba uso kwa uso. Kwenye FreeCAD unachagua kwanza ule uso kwenye modeli, ndipo unaingiza mwonekano kwenye karatasi. Kwenye SolidWorks unageuza modeli mpaka uso ukutazame, unabonyeza kitufe cha nafasi, unahifadhi mwonekano kwa jina lako, halafu unauita kwenye mchoro. Dakika mbili tu!

Sasa hoja yangu kwa sisi walimu watarajiwa. Tukimfundisha mtoto kwamba mchoro ni mionekano mitatu basi, tunamfundisha kujaza karatasi. Kuna watakaosema mtihani unataka hiyo mitatu. Sawa, aijue. Ila tumzoeshe kujiuliza kwanza: atakayeshika msumeno anahitaji kuona nini? Wala si anasa ya kompyuta, wazee wa rula T na ubao walichora mwonekano wa uso ulioinama kwa mkono.

Mtoto asiyejiuliza hivyo atapata alama zote darasani, halafu atakuja kuharibu chuma cha mvuvi kama mimi.

Naomba kutoa hoja. Wa kupinga karibuni, ila mje na vipimo!