Viza ya Masomo Si Mgodi wa Ukoo

Kadutu, Bagira na Ibanda husikika kauli hii: «Akifika Ulaya, atafanya kazi atusaidie.» Kauli hiyo tuipinge. Viza ya mwanafunzi ni ruhusa ya kusoma. Ubelgiji humruhusu mwanafunzi mgeni kufanya kazi saa 20 kwa juma wakati wa masomo. Ufaransa, saa 964 kwa mwaka. Ujira huo husaidia kulipa chumba na chakula. Hautoshi kulisha ukoo.

Anayedaiwa zaidi na jamaa zake huingia katika kazi ya kificho, usiku, bila mkataba. Mwajiri akimpunja, atamshtaki vipi, naye amevuka saa za sheria? Kisha hufeli mitihani, na kibali cha ukaaji hakifanywi upya bila maendeleo ya masomo. Mshika mbili moja humponyoka.

Ni kweli, benki za Bukavu zilipofungwa Februari 2025, dhiki ilizidi. Lakini dhiki haimpi mzazi haki ya kuula mustakabali wa mwanawe. Kazi ina heshima. Kumwaga mtoto kwa jina la masomo huku tukihesabu dola zake ni udanganyifu. Tuyaseme haya nyumbani kabla ya safari, si baada ya kufukuzwa.