Likizo ya Melini na Haki za Walio Nyumbani



Juma hili tumeletewa swali ambalo zamani halikuwa likiulizwa katika barza zetu. Mume na mke wakaao hapa Donholm, wazazi wa watoto watatu, wameweka akiba kwa muda wa miaka mitatu. Wameona tangazo la meli ya kitalii inayozunguka visiwa vya Bahari ya Hindi, nao wanataka kujua kama yafaa Mwislamu kutumia mali yake kwa safari ya namna hiyo. Mume ni mzaliwa wa Lamu. Mtoto wao mkubwa alifika huko mara moja, angali mdogo. Wawili waliomfuata hawajapata kuiona bahari ila katika simu.

Tuanze na hukumu. Safari ya kupumzisha nafsi na kuwafurahisha watoto asili yake ni halali, maadamu haina maasi ndani yake wala haibebi dhuluma. Kitabu cha Mwenyezi Mungu kimezitaja merikebu mahali pengi miongoni mwa ishara na neema Zake. Na sisi watu wa Pwani, lau si vyombo vya baharini, tungekuwa watu wengine kabisa. Ibn Battuta aliposhuka Mombasa mwaka 1331, akielekea Kilwa, alikuta Waislamu wa madhehebu ya Shafii, watu wa dini, na misikiti yao ya mbao iliyojengwa kwa ustadi. Habib Saleh, aliyeuasisi Msikiti wa Riyadha kule Lamu, alitoka Ngazija kwa chombo cha matanga. Visiwa hivi ambavyo leo tunavisoma katika matangazo ya utalii vilikuwa madrasa za babu zetu. Kwa hiyo asije mtu akasema kwamba kusafiri visiwani ni mambo ya Wazungu.

Hata hivyo, meli ya kitalii si jahazi. Ni mtaa mzima unaoelea, wenye mabwawa ya kuogelea, ukumbi wa muziki, baa na mara nyingi chumba cha kamari. Haya hayamharamishii mtu safari, kama vile baa zilizo kando ya Outering Road hazimharamishii mtu kuishi Donholm. Lakini mzazi na ajue mapema atawapitisha wapi watoto wake, na aagize chakula cha halali kabla ya kulipa, si baada ya kupanda. Kisha aulize bei kamili. Bei ya tangazo kwa kawaida ni ya chumba na chakula. Juu yake huja bakshishi za wahudumu, vinywaji, intaneti, na matembezi ya nchi kavu katika kila kisiwa. Tena meli nyingi zinazotia nanga Mombasa hazianzii safari zao pale. Hupita tu na kuendelea. Huenda basi familia ikalazimika kupanda ndege kwanza ili kuifuata meli bandari nyingine.

Kuhusu Sala, tumeulizwa itakuwaje mtu akiwa katikati ya maji. Maji ya bahari ni tohara, nayo yafaa kwa udhu kama tulivyofundishwa katika hadithi mashuhuri. Sala ya faradhi husaliwa kwa kusimama kwa anayeweza. Anayechelea kuanguka kwa kizunguzungu atasali kwa kukaa. Meli ikigeuka naye yumo katika Sala, atageuka kuelekea kibla. Na kibla katika maji yetu si kigumu kukijua. Mombasa na Makka ziko karibu katika longitudo moja, ya digrii 39 na kitu mashariki, hivyo anayesali Mombasa, Lamu au Unguja huelekea kaskazini, kwa tofauti ndogo mno. Wazee wa Pwani walipouita upande wa kaskazini kibla hawakusema ovyo.

Msafiri wa masafa ya kilomita 80 na zaidi kidogo ana ruhusa ya kupunguza Sala za rakaa nne ziwe mbili, na kukusanya Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi na Isha. Ruhusa hiyo haianzi sebuleni Donholm. Huanza akishayaacha majengo ya mji anaotoka. Na kwa madhehebu yetu, akinuia kukaa mahali pamoja siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na ya kutoka, basi akifika pale hukamilisha Sala zake kama mkaazi.

Jambo la pili ni uhai. Watu wa mwambao huu tumezika vya kutosha. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka na watu zaidi ya 270 wakafariki, nchi kavu ikionekana. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, siku chache baada ya Idi, MV Spice Islander ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba, imejaza abiria na shehena kupita kiasi. Mwaka uliofuata, tarehe 18 Julai, Ramadhani imekaribia, MV Skagit ikazama katika upepo mkali ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja. Wala asidhani mtu kwamba meli kubwa za anasa zina kinga. Costa Concordia ilipogonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, Januari 2012, watu 32 walikufa, na mamia ya abiria waliopanda jioni ile walikuwa bado hawajafanyishwa zoezi la dharura.

Hatuyasemi haya ili kuwatisha. Twayasema kwa sababu mtoto hana uwezo wa kukataa chombo alichopandishwa na babake. Ukifika gatini ukaona watu wamesimama mpaka ngazini na magunia juu ya magunia, rudi na familia yako, tiketi ipotee. Kila mtoto awe na jaketi la kujiokolea linalomtosha, si la mtu mzima lililofungwa kwa kamba. Na chagueni msimu. Likizo ya Agosti huangukia kusi, bahari ikiwa imechafuka. Ile ya Desemba huangukia kaskazi, ambapo kwa kawaida maji huwa na upole zaidi.

Hayo ndiyo majibu ya swali kama lilivyoulizwa. Lakini tulipokaa na mume na mke hawa tukawasikiliza, tuliona kwamba chini ya swali lao liko jingine. Mamake mume yu hai, yuko Lamu, na amepitisha miaka minne bila ya kuwaona wajukuu wake. Kila akipiga simu huambiwa nauli imepanda. Sasa imepatikana fedha ya meli. Mume mwenyewe alikuwa akiliona hilo, ndiyo maana sauti yake ilishuka alipomtaja mamake.

Tulidhani mazungumzo yamekwisha, kwamba jibu ni kwenda Lamu tu. Ndipo mke akaomba ruhusa ya kusema. Akasema: “Sheikh, mimi mama mkwe nampenda, naye hajanikosea. Lakini tukienda Lamu mimi ndiye naamka kabla ya alfajiri kukanda unga wa mahamri, na usiku naosha vyombo vya wageni waliokuja kututazama. Nikirudi Donholm nimechoka kuliko nilivyoondoka. Likizo huwa ni ya baba watoto. Kule melini hapana atakayeniuliza chai iko wapi.”

Ndugu wasomaji, maneno haya tusiyapite haraka. Wako wanaume watakaoyasoma na kusema kwamba huyu ni mwanamke mvivu, na pengine wanayasema hayo huku wakisubiri wakewe watenge chakula. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wameandika wazi kwamba kupika, kufua na kufagia si wajibu wa kisheria juu ya mke. Anapoyafanya, ni ihsani yake na wema wake kwa mumewe. Basi itakuwaje wema wa mtu mmoja ugeuzwe kuwa kodi anayoitoza ukoo mzima kila likizo? Mwanamke huyu hakuitamani meli kwa ajili ya mabwawa na taa zake. Ameitamani kwa kuwa ndipo mahali pekee alipoweza kufikiri kwamba ataketi.

Kwa hiyo ziko haki mbili hapa, ya mama anayesubiri Lamu na ya mke aliyechoka Donholm. Kosa ni kuzigonganisha, mume akamwambia mke, “Wewe ndiwe unayenizuia kwa mamangu,” au akamwambia mama, “Mkewangu hataki.” Zote mbili ziko shingoni mwake yeye, naye ana mali ya kuzitimiza zote.

Tuliwanasihi mambo manne, na tunayaandika kwa ruhusa yao, kwa kuwa tunajua nyumba nyingi ziko katika hali hii.

La kwanza ni zaka. Akiba ya safari ni mali kama mali nyingine. Ikiwa imefikia nisabu, ambayo kwa dhahabu ni gramu 85, na ikapitiwa na mwaka wa Kiislamu, basi imewajibikiwa na zaka ya asilimia mbili na nusu, kwa kila mwaka uliotimia. Watu wengi hutoa zaka ya biashara wakaisahau fedha waliyoiwekea harusi, hija au matembezi. Hesabuni kwanza, mtoe, ndipo mjue kilicho chenu ni kiasi gani.

La pili ni deni. Kilichobaki kilipe madeni yaliyofika muda wake. Na kama hakitoshi meli, kisiongezewe kwa mikopo ya simu. Starehe ya siku tano italipwa kwa miezi, na watakaoilipa ni watoto, kwa karo iliyochelewa.

La tatu, mwaka huu iwe Lamu, lakini kwa masharti ambayo mume atayasimamia mwenyewe. Wapo kina mama mtaani wanaopika kwa malipo. Sehemu ya fedha iliyokusudiwa kulipa chumba cha meli iwalipe wao, nao wapate riziki. Mahamri yatoke kwa jirani. Wageni wakija kutazama, baba wa watoto ndiye atenge kahawa na halua, tena avioshe vikombe. Akiona haya mbele ya ndugu zake, na akumbuke kwamba Mtume wetu, sala na amani zimshukie, alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani kwake. Na siku mbili katika hizo mke awe huru kabisa, alale, asome, au aende kwa mashoga zake, pasiwe na mtu wa kumuuliza.

Na bahari ipo pale pale. Mashua ya kuaminika, yenye majaketi ya watu wote, itawavusha mpaka Manda, wapite baina ya mikoko wakati wa maji kujaa, wakayaone magofu ya Takwa na msikiti wake uliohamwa tangu karne ya 17. Bibi naye apandishwe. Atakaa karibu na nahodha, na huenda akamsahihisha. Atawaonyesha wajukuu upepo unatoka wapi na maji yanarudi lini, elimu ambayo haimo katika tangazo lolote. Mji wenyewe wa Lamu uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, na watu huvuka mabara kuja kuutazama. Watoto wa Donholm wana nyanya ndani yake.

La nne, meli haikukatazwa. Mwenyezi Mungu akiwajaalia uwezo mwaka mwingine, zaka imetoka, madeni yamelipwa na mama ameonwa, na waende kwa furaha, wala jirani asiwanong’one. Mume na asiiweke safari hiyo kuwa ahadi ya kumnyamazisha mke. Aiandike kama anavyoandika karo, na waiwekee akiba pamoja.

Waliondoka bila ya kutuambia wataamua nini, na si lazima watuambie. Tuliona tu kwamba mke alicheka pale tulipotaja vikombe, na kwamba mume alikuwa akiuliza nauli ya Mokowe kabla hawajafika mlangoni.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awalinde wasafiri wetu wa nchi kavu na wa baharini, awarehemu waliochukuliwa na maji na awape subira walioachwa, awarefushie umri wazazi wetu katika utiifu, na azitie mapenzi na rehema nyumba zetu.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.