Chungu kina adabu, chupa haina

JUMA hili tuelekee magharibi mwa Kenya, mpaka Amagoro, mji mdogo usio mbali na Malaba tunakopakana na jirani zetu wa Uganda. Huko kuna jambo ambalo wazazi wengi hulijua mioyoni lakini hulikwepa midomoni. Ni habari ya pombe na vijana wetu wanaosoma katika vyuo vidogo vya mashambani.

Mzazi wa Kenya anapomwogopea mtoto wake ulevi, aghalabu huwa anaiwazia Nairobi. Mtoto akiitwa katika chuo kikuu cha jijini, mama hukosa usingizi. Lakini akiitwa katika chuo cha ufundi, cha ualimu au cha uuguzi kilichozungukwa na mashamba ya mihogo na mahindi, mama huyo huyo hupumua. "Afadhali huko," husema, "hakuna anasa."

Hapo ndipo tunapokosea hesabu. Kijana wa jijini ana viwanja vya mpira, sinema, maktaba, na pengine shangazi wa kumtembelea Jumapili akale chapati. Kijana wa chuo cha mashambani ana nini? Ijumaa alasiri masomo yamekwisha. Wenye kwao karibu wamepanda matatu wakaenda zao. Aliyetoka mbali hubaki na chumba cha kupanga, simu isiyo na fedha, na Jumamosi ndefu kama barabara ya Lodwar. Walimu nao wamekwenda makwao. Basi akinyosha shingo nje ya lango, jambo la kwanza analoliona ni baa.

Wala si baa peke yake. Nyuma ya mahindi kuna mama anayeuza chang'aa. Kijiji cha pili kuna msiba, na penye msiba huenda pakawa na disko matanga, ile ngoma ya usiku ambayo machifu wa magharibi wameikataza mara nyingi na bado inasikika. Halafu kuna mpaka wenyewe. Anasa aliyoiogopa mama haikubaki Nairobi. Ilitangulia chuoni ikamngoja mwanawe.

Kuna watakaosema, "Lakini huko ni kwa Wateso, na pombe ni mila yao." Msomaji, neno hilo nalisikia mara kwa mara, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Ni kweli kwamba Wateso, ambao mpaka uliosogezwa mwaka 1902 uliwaacha wengine Uganda na wengine upande wetu, wana pombe yao ya wimbi iitwayo ajono. Unga wa wimbi huvundikwa, hukaangwa juu ya moto, huanikwa juani, kisha huchanganywa na maji na kimea ukaachwa uchachuke. Siku ya kunywa, chungu huwekwa katikati, maji ya moto huongezwa, na watu huketi kukizunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu wenye kichujio nchani.

Lakini hebu tazama chungu kile vizuri. Mtaalamu mmoja Mmarekani wa elimu ya jamii na mila, Ivan Karp, alifanya utafiti miongoni mwa Wateso wa Kenya, na mwaka 1980 akachapisha makala kuhusu unywaji wao. Alichokiona si watu wanaokimbilia kulewa. Aliona watu wanaojenga ujirani. Chungu kilikuwa na sheria zake. Mrija haushikwi kwa mkono wa kushoto. Watu hukaa kwa kufuata heshima ya umri na ukwe. Anayeketi kwenye chungu ameletwa na ujirani, udugu au kazi waliyofanya pamoja shambani. Mwenye kuleta ugomvi alionekana na wote, na kesho yake alikutana nao wote kisimani.

Sisemi kwamba chungu kilikuwa malaika. Wimbi lililoishia chunguni halikuishia sufuriani, na wako wazee waliokaa kwenye mirija mpaka mashamba yakaota magugu. Siku hizi pia kuna vilabu ambapo mrija hukodishwa kwa fedha, awe mtu ni jirani au mpita njia. Ninachosema ni kwamba mila ile ilikuwa na pombe na ilikuwa na breki. Kijana wa chuo, awe ni Mteso, Mluhya, Mkikuyu au Mkamba, amerithi pombe, na breki ameziacha kwa babu.

Chukua karatasi tufanye hesabu kidogo. Penye chungu, kila mtu huvuta kwa mrija wake kadiri ya haja yake, na hakuna anayejua jirani amevuta mara ngapi. Penye meza ya baa mambo ni tofauti. Vijana watano wameketi. Wa kwanza amenunua raundi, yaani chupa tano. Je, wa pili atanyamaza? Ataitwa mnyonyaji. Naye hununua. Wa tatu, wa nne na wa tano vivyo hivyo. Kufikia mwisho, kila kijana amekunywa chupa tano, hata yule ambaye alitaka mbili akalale. Tuseme chupa ni shilingi 100 tu. Aliyekusudia kutumia 200 ametumia 500. Akifanya hivyo kila Jumamosi kwa majuma 13 ya muhula, ni shilingi 6,500, ambazo katika miji midogo zingelipa chumba kwa miezi miwili au mitatu. Na zile 6,500 si zake. Ni za mama aliyeuza kuku, au za mkopo wa serikali utakaodaiwa baadaye.

Mwulize kijana huyo kwa nini hakuondoka baada ya chupa ya pili. Hatakwambia kwamba alikuwa na kiu. Atakwambia, "Ningeonekanaje?" Hapo ndipo kiini cha jambo lenyewe. Vijana wetu wengi hawanunui pombe. Wananunua mahali pa kukaa na watu wa kukaa nao. Chupa ni kodi ya kiti.

Fedha zikipungua, kiti hutafutwa kwa bei nafuu zaidi, na hapo hatari huongezeka. Sheria ya Kenya ya mwaka 2010 ya kudhibiti vileo inakataza pombe kali ya vipakiti. Tanzania ilipiga marufuku viroba Machi 2017, na Uganda ikafuata mwaka 2019. Hata hivyo, mpaka ni mpaka. Mtu wa Malaba au Busia atakueleza kwamba palipo na njia za panya hapakosi mzigo wa panya. Pombe isiyojulikana imepikwa na nani ndiyo iliyoua zaidi ya watu 80 nchini Kenya Mei 2014, wengine wakapofuka, kwa sababu ilikuwa na methanoli, kemikali ya viwandani ambayo kwa rangi huwezi kuitofautisha na pombe ya kawaida. Februari 2024 watu wengine wakafa Kirinyaga. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, walisema wahenga. Wa siku hizi hatii maji.

Kwa mabinti zetu kuna mtego wa pili. Malaba ni mji wa malori. Foleni ikiwa ndefu, madereva hukaa siku kadhaa wakingoja kuvuka, nao wana fedha za safari na upweke wa safari. Msichana aliyeishiwa na chakula juma la tatu la mwezi hahitaji kushawishiwa sana ili akubali soda, na soda ikageuka kuwa bia, na bia ikawa deni. Simlaumu binti huyo, wala sisemi kila dereva ni mwovu. Nasema tu kwamba anayenunuliwa kila kitu huambiwa alipe kwa kile alicho nacho. Ukimwi na mimba haviulizi nani alinunua.

Sasa sheria inasema nini? Ile ya 2010 inakataza kumwuzia pombe aliye chini ya miaka 18. Iliweka pia kwamba baa iwe umbali wa mita 300 au zaidi kutoka shuleni. Lakini soma vizuri: inataja taasisi za wanafunzi walio chini ya miaka 18. Mwanachuo wa miaka 19 hakuhesabiwa, ndiyo maana baa inaweza kukitazama chuo uso kwa uso bila kuvunja kifungu hicho. Mwaka 2025 serikali ilitangaza sera iliyopendekeza umri upandishwe hadi miaka 21. Hilo ni pendekezo, na hata likiwa sheria, halitamtafutia kijana shughuli ya Jumamosi.

Vyuo vingi vimejaribu njia ya pili: anayekutwa na pombe afukuzwe. Kanuni ni lazima ziwepo. Lakini kanuni ya kufukuza peke yake huwafunza vijana kujificha. Mwenzao akizidiwa, humfungia chumbani wakiogopa mwangalizi wa bweni, badala ya kumpeleka hospitali. Kijana hufa kwa kuogopa barua.

Kwa hiyo, wewe kijana unayesoma ukurasa huu baada ya dada yako kuumaliza, shika haya. Mwenzako akilewa mpaka haamki, mlaze kwa ubavu ili akitapika asipaliwe, wala usimwache peke yake. Usimmwagie maji baridi, usimlazimishe kunywa kahawa wala maziwa. Akipumua polepole mno, akiwa baridi, akitetemeka kama mwenye kifafa, au akisema macho yanaona ukungu, mpelekeni hospitali usiku huo huo, hata kwa bodaboda, watu wawili mkimshika. Macho kupoteza nuru baada ya kunywa ni dalili ya sumu, na sumu haingoji asubuhi.

Nanyi wakuu wa vyuo, tangazeni wazi kwamba anayemleta mgonjwa hataadhibiwa kwa kumleta. Kisha ulizeni chuo chenu kinatoa nini kuanzia Ijumaa alasiri mpaka Jumapili usiku. Mpira hauna gharama kubwa. Ukumbi wenye taa, meza za bao na drafti, filamu moja, kwaya, mashindano ya ngoma za makabila, hivyo vyote hupunguza wateja wa baa kuliko mlinzi mwenye rungu. Wazee wa Kiteso walio jirani waalikwe waeleze adabu za chungu, bila ya chungu chenyewe. Leseni za baa nazo sasa hutolewa na serikali za kaunti. Chuo na wazazi wana haki ya kwenda Busia kusema hawataki nyingine langoni.

Na wewe mzazi? Wengi wetu tukipiga simu tunauliza mambo mawili: "Umesoma?" na "Fedha zimefika?" Jumamosi ijayo jaribu jingine. Muulize, "Mwanangu, leo unakaa na nani?" Usimuulize kama askari. Muulize kama mtu anayependa kuwajua hao watu. Akitaja majina, yakumbuke, na mara nyingine uwaulizie hali kwa majina yao. Fedha nazo zigawe, umtumie kidogo kila juma badala ya fungu moja la mwezi, maana fungu likifika Ijumaa, Jumapili halipo. Na kama mko na jamaa, mshirika wa kanisa au rafiki wa zamani Bungoma, Busia au Malaba, mwombe amkaribishe mtoto chakula cha mchana hata mara moja kwa mwezi. Sahani ya ugali na kuku kwenye nyumba ya watu ni kiti kisicholipiwa kodi.

Wazee wa Amagoro walijua kwamba binadamu hawezi kukaa peke yake, wakamtengenezea mahali pa kukaa na wakaweka adabu ya kukaa hapo. Sisi tumewajengea watoto madarasa na mabweni, tukasahau mahali pa kukaa. Mwenye baa hakusahau.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.