Uchambuzi: Ufa wa reli huanzia kwenye ngozi ya chuma

Tarehe 17 Oktoba mwaka 2000, treni iliyokuwa ikitoka London kwenda Leeds iliacha njia karibu na mji wa Hatfield, nchini Uingereza, ikiwa katika mwendo wa kilomita 185 kwa saa. Watu 4 waliuawa na zaidi ya 70 walijeruhiwa. Reli iliyokuwa chini yake ilikutwa imevunjika vipande zaidi ya 300.

Chanzo hakikuwa hujuma wala kosa la dereva. Kilikuwa kile ambacho wahandisi hukiita uchovu wa chuma.

Chuma huweza kuhimili mzigo mkubwa mara moja kisidhurike, lakini mzigo mdogo zaidi, ukirudiwa mara mamilioni, hukivunja. Mjerumani August Wöhler alilithibitisha jambo hilo katika karne ya 19 kwa kuzijaribu ekseli za mabehewa. Mara nyingi ufa huanzia usoni, penye mkwaruzo, kutu au alama ya mashine.

Ndiyo maana chuma hutibiwa ngozi yake. Springi za magari hupigwa viwandani kwa vitufe vidogo vya chuma, uso ukabanwa na ufa ukakosa nafasi ya kufunguka. Gia hupashwa moto penye kaboni au nitrojeni ili ngozi yake iwe ngumu.

Hata hivyo, si kila kinachong'arisha huponya. Tabaka gumu la kromiamu huzuia kusagika, lakini lina nyufa ndogo ndogo zinazoweza kufupisha maisha ya chuma kilicho chini yake.

Reli nazo husagwa kwa mawe ya mashine, yanayoondoa tabaka jembamba pamoja na nyufa changa. Kazi hiyo ina wakati wake. Ufa ukishazama, kusaga hakufui dafu, na reli haina budi kubadilishwa.

Huko Hatfield, nyufa zilijulikana mapema. Reli za kubadilishia zilipatikana, ila hazikufungwa. Baada ya ajali, treni ziliamriwa kupunguza mwendo katika sehemu zaidi ya 1,200, na kampuni ya Railtrack ikawekwa chini ya usimamizi wa mufilisi mwaka 2001. Mwaka 2005 mahakama iliitoza Network Rail, iliyomrithi Railtrack, faini ya pauni milioni 3.5, na mkandarasi Balfour Beatty pauni milioni 10, ambazo mwaka uliofuata zilipunguzwa hadi 7.5.

Funzo hilo linaihusu Afrika Mashariki. Kenya ilifungua reli ya kisasa ya Mombasa hadi Nairobi mwaka 2017, na Tanzania ikazindua ile ya Dar es Salaam hadi Dodoma Agosti 2024. Uchovu wa chuma hauonekani siku ya uzinduzi; hujikusanya gurudumu kwa gurudumu.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mtihani wa serikali hizo ni kutenga fedha za kukagua na kusaga reli kila mwaka, hasa katika mwaka ambao hakuna kilichovunjika.